Vazi la mwana

Wiki mbili kabla ya Pasaka kibanda changu cha ushonaji hakina pa kukanyaga, na wateja karibu wote ni vijana wa kiume. Wanatoka Kisumu Ndogo, Maweni, Muyeye, Barani, mitaa ya hapa Malindi. Kila mmoja amebeba mfuko, na ndani ya mfuko mna koti la suti la mtumba alilolichagua mwenyewe alfajiri, belo lilipofunguliwa, kabla kamera, zile nguo bora, hazijaisha na kubaki fagia, yaani mabaki. Anataka kiuno kibanwe, mikono ipunguzwe, suruali imshike hadi kwenye kifundo cha mguu. Na anaitaka kabla ya Jumapili, bila kukosa.

Naipenda kazi hii. Kubana kiuno cha koti si kitu, ni nusu saa. Bega ndilo linalompima fundi. Unafumua mkono mzima, unatoa pedi, unapunguza kitambaa kidogo kidogo huku ukiogopa mkasi wako mwenyewe, unarudisha mkono mahali pake, kisha unafunga bitana bila kuacha mkunjo hata mmoja kwapani. Mafundi wengi hapa mjini hulikataa bega. Mimi silikatai, kwa sababu naona anachonionyesha kijana anaposimama mbele ya kioo. Koti lilikuwa la mtu mwingine, mahali pengine, mwenye kifua kipana kuliko chake. Yeye ana miaka kumi na tisa. Ananing'inia ndani yake, na macho yake yananiuliza kama nitaweza kumfanya awe mwenye hilo koti.

Kila nikiwaona hivyo namkumbuka Daudi katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Kabla hajakwenda kumkabili Goliathi, mfalme Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe, chapeo ya shaba kichwani na deraya mwilini. Daudi akajaribu kutembea, akaona hawezi, akavivua vyote mbele ya mfalme na kurudi kwenye fimbo yake na kombeo lake. Tunawahubiria vijana jiwe na kombeo miaka yote. Hapo kwenye kuvua hatukai sana, nami naona kijana wa leo anapahitaji zaidi.

Nawalea vijana kanisani kwetu, na ndiyo maana naandika. Kwetu wanaume vijana huzungumzwa sana kuhusu nguo zao, na karibu kila mara kwa ubaya. Suruali imebana, nywele zimesokotwa, ana hereni, amechanja chale ya wino mkononi. Mwenye kusema huwa hajamuuliza kijana ni nani anayemtazama siku sita za wiki.

Wanaomtazama ni wengi. Ijumaa adhuhuri anaona wenzake Waislamu wakitoka majumbani na kanzu nyeupe zilizopigwa pasi na kofia za vito, wanafuatana na baba zao na babu zao kwenda msikitini. Nimewasikia vijana wetu wakilisema jambo hili kwa uchungu kidogo: rafiki yangu wa darasa anajua Ijumaa avae nini na kwa nini. Mimi Jumapili navaa suti ya Mwingereza. Wala si kweli kwamba kanzu haikuwahi kuwa yetu. Makatekista wengi wa zamani wa pwani walivaa kanzu, watoto wa altare wanaivaa hadi leo, na Yohana anatuambia kwamba kanzu ya Bwana wetu ilifumwa yote pia toka juu, bila mshono. (Kila nikisoma hapo mikono yangu husimama. Nguo nzima bila mshono! Si ajabu askari wale wanne walikataa kuichana na wakaipigia kura.)

Halafu kuna ufukwe, na hapa nitakaa kidogo.

Malindi inaishi kwa wageni. Waitaliano walianza kuja kwa wingi baada ya kituo chao cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, ambacho kilirusha ya kwanza kutoka baharini mwaka 1967, na leo utamsikia kijana asiyewahi kupanda ndege akijadili bei kwa Kiitaliano bila kusitasita. Anauza safari za mashua, vinyago, shanga, kutembezwa Gede na Marafa. Kazi halali kabisa. Lakini ina sare yake, ingawa hakuna aliyeiandika. Mmoja wao aliniletea vitambaa nimshonee suruali pana ya kikoi yenye rangi nyekundu, njano na kijani. Wakati huo ndiyo kwanza ameanza kusokota dredi.

Nikamuuliza mbona asishone kitu ambacho atakivaa hata akienda kwao.

"Fundi, mgeni hamfuati kijana aliyechomekea shati kama karani," akaniambia. "Anamtaka yule Mwafrika wa kwenye picha."

"Na wewe ndiye huyo wa kwenye picha?"

Akacheka. "Mimi ni Mgiriama wa Ganze, fundi. Nimemaliza fomu foo."

Sikucheka naye. Kila mkazi wa mji huu anajua kwamba baadhi ya vijana wetu huuza zaidi ya safari za mashua. Wapo wanaotoka jioni na wageni wenye umri wa mama zao, au wa baba zao, wakarudi asubuhi na viatu vipya. Nyumbani hakuna anayeuliza, kwa sababu kuna unga. Nguo ile, nywele zile, zile shanga za shingoni, kwa kijana wa namna hiyo ni kibao cha duka. Kinachouzwa ni mwenyewe. Sisemi hili kumhukumu. Nalisema kwa sababu linaniuma, na kwa sababu nimesikia mahubiri mengi juu ya dredi na machache mno juu ya anayenunua.

Pwani hii nguo haijawahi kuwa jambo dogo. Karne ya 19 mashamba ya kuzunguka Malindi yalilimwa na watumwa, mtama na ufuta ukapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Mtumwa alijulikana kwa macho tu. Alivaa kaniki au merikani iliyofungwa mwilini, kichwa wazi, miguu mitupu. Kofia, kanzu nzuri na viatu vilikuwa vya muungwana. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria hapa pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka kumi baada ya Unguja, waliotoka utumwani walianza kuvaa yale waliyokuwa wamenyimwa. Mtu alinunua kofia kabla hajanunua shamba, na nadhani alijua anachofanya. Alikuwa anawaambia majirani zake: nitazameni upya.

Kwa hiyo kijana akisimama kibandani kwangu akitaka bega likae sawa, simwambii kwamba mavazi ni upuuzi wa dunia. Babu wa babu yake pengine alisubiri maisha yake yote kuvaa viatu.

Na hapa ndipo Luka 15 inaponishika kila mara. Mwana mpotevu alirudi kutoka nchi ya mbali amechoka, ananuka nguruwe. Njiani alitunga maneno yake: sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Alipofika alianza kuyasema, lakini ile sehemu ya kuwa mtumishi hakuwahi kuifikia. Baba alikwisha kuwageukia watu wa nyumbani akaagiza vazi lililo bora, pete ya kidoleni, na viatu vya miguuni. Watu wa pwani tulipaswa kuielewa habari hii kuliko wengi duniani. Mtu aliyetaka kuhesabiwa na watumishi amevishwa viatu! Hakuna mwanakijiji aliyehitaji kuelezwa alipomwona jioni ile akipita uani. Ni mwana. Na alivikwa kabla ya kuoga, kabla ya kulipa, kabla ya kuahidi kwamba hatarudia.

Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba wote waliobatizwa katika Kristo wamemvaa Kristo, na mistari michache mbele anaongeza: "wewe si mtumwa tena bali u mwana." Haya mawili nayasoma pamoja kila mara na vijana wangu, kwa sauti, tena na tena. Kijana anayeamini kwamba amekwisha kuvikwa na Baba anaweza kuingia sokoni akachagua shati analolipenda kwa furaha, na asiwe na hofu kwamba bila shati hilo yeye si kitu. Anaweza pia kumtazama mgeni machoni na kumuuzia safari ya mashua, ikaishia hapo.

Wazee wetu wa kanisa hawalioni hivi wote. Mmoja, mtu ninayemheshimu sana, hunitajia 1 Wakorintho 11 kila dredi zinapopita mlangoni, ya kwamba mwanamume akiwa na nywele ndefu ni aibu kwake. Hofu yake si ya bure. Amewaona vijana wengi wa mtaa wake wakipotelea ufukweni na kwenye dawa za kulevya, na machoni pake nywele zile ndiyo njia waliyopitia. Mimi humkumbusha Samsoni na Wanadhiri, walioacha nywele zikue kwa kuwa wametengwa kwa ajili ya Mungu. Hatujawahi kumaliza mazungumzo hayo. Lakini siku hizi nina jambo jingine ninalomwambia, nalo ni zito kuliko nywele.

Mwaka 2023 Malindi ilitajwa duniani kote kwa sababu ya msitu wa Shakahola. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa humo, wengi wao waliokufa kwa njaa baada ya kufunga wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu, wakiwemo watoto wengi. Walikuwa wamefundishwa kwamba shule ni ya shetani na kwamba hospitali haifai. Hatujapona jambo hili. Hadi leo kijana akimwambia mamake kwamba ameokoka, mama anauliza kwanza: kanisa gani, na mchungaji anawaambia mfanye nini? Ana haki ya kuuliza. Tangu wakati ule kila amri inayotoka madhabahuni juu ya mwili wa mtu, ale nini, avae nini, anyoe vipi, naipima polepole sana. Nataka vijana wangu wazoee kuuliza imeandikwa wapi na inamjenga nani. Mwana anaweza kumuuliza baba yake swali. Mtumwa ndiye asiyeweza.

Yupo mtu mmoja ambaye habari zake huwasimulia vijana nikiwapeleka matembezi upande wa Nguzo ya Vasco da Gama. Karibu na njia kuna lile kanisa dogo la Wareno, kuta nyeupe, paa la makuti, makaburi uani. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita mjini hapa mwaka 1542 akielekea Goa, na alimzika hapa mtu mmoja wa merikebu yao. Alizungumza na Waislamu wa mji juu ya sala. Mmoja wao alimlalamikia kwamba kati ya misikiti kumi na saba watu walikuwa wakienda mitatu tu. Xavier alijulikana kwa kuvaa vibaya. Alizaliwa katika ukoo wa heshima, lakini alitembea na joho la kuraruka, na hakutaka mtumishi wa kumfulia.

Miaka michache baadaye alifika Japani. Alipokwenda kuwaona wakubwa wa nchi akiwa na matambara yake, hawakumjali. Basi mwaka 1551 akarudi Yamaguchi amevaa mavazi ya thamani kama balozi, na zawadi mkononi, na mtawala wa pale akampa ruhusa ya kuhubiri. Vijana hupenda sana kipande hiki na huanza kubishana papo hapo. Je, aliuza msimamo wake? Nami naona hapana. Matambara hayakuwa yamemfanya mtakatifu, wala hariri haikumwondolea chochote. Aliweza kuvaa hili na kuvua lile kwa ajili ya watu aliotumwa kwao. Kijana anayenyoa na kuchomekea kwa ajili ya usaili wa kazi, na jioni akarudi kwenye fulana yake na raba zake, hajawa mnafiki. Ila inategemea ni nani anayebaki ndani nguo zikibadilika, na swali hilo ndilo tunalolishughulikia kila Jumatano jioni katika kikundi chetu.

Yule wa Ganze alianza kuja Jumatano hizo. Kwanza alikuja kuchukua suruali, akakaa mlangoni, akasikiliza. Wiki nyingine akaingia. Sitasimulia yote yaliyopita moyoni mwake, kwa kuwa ni yake. Ilipofika zamu ya ubatizo akaniomba nimshonee kanzu nyeupe, ya kawaida, isiyo na mapambo. Nilikwenda duka la vitambaa ninaponunua siku zote, la mzee mmoja Mwislamu ambaye tumejuana tangu nikiwa mwanagenzi.

"Kanzu ya nani safari hii, fundi?"

"Ya kijana wetu mmoja, mzee. Anabatizwa Jumapili."

Akanyoosha kitambaa kwenye meza, akapima, akakata, kisha akaongeza karibu nusu wari bila kunitoza. "Vijana hawa hurefuka," akasema.

Tulimbatiza baharini, ufukwe uleule anaouzia safari, wenzake wa kazi wakiwa wamesimama kando ya mashua wanatazama. Alizama na dredi zake na akatoka nazo. Kesho yake alikuwa kazini palepale, na suruali yake ya rangi tatu. Kilichobadilika ni jioni zake. Aliacha kutoka na wageni, na mapato yake yakashuka kwa namna iliyoonekana hata usoni.

Hapa ndipo makanisa yetu huchoka mapema. Tunamwambia kijana aache, anaacha, tunaimba haleluya, kisha tunakwenda kula nyumbani kwetu. Yeye anarudi chumbani kwake mwezi wa Mei, masika imefunga mahoteli, hakuna mgeni, kodi inadaiwa. Yakobo ameliandika hili wazi: kumwambia ndugu aliye uchi na asiye na riziki "mkaote moto na kushiba" bila kumpa kitu hakumfai neno. Nilimwomba aje kibandani miezi ya mvua ashike cherehani. Ana mkono mzuri, mtulivu, na jicho la rangi ambalo mimi sinalo. Ameanza kushona mashati ya kikoi ya mikono mifupi yenye kola ya kusimama, mistari ikikutana sawasawa kifuani, jambo gumu ambalo wengi hulipuuza. Vijana watatu wa kwaya wameyavaa Jumapili badala ya makoti. Hayajatosha kumlipia kodi, bado. Harambee ya vijana ilimalizia mwezi uliopita, na mwezi huu sijui itakuwaje. Nimekwisha kuongea na wamama wa kanisa.

Tuna pia kabati. Ni kabati la kawaida la mbao, liko chumba cha nyuma cha kanisa, na ndani mna makoti manne, suruali kadhaa, mashati meupe, tai, na jozi mbili za viatu vyeusi. Kijana aliyeitwa kwenye usaili, au anayesimama bestimani, anaazima, namrekebishia kwa mishono mirefu ya kufumuka, anarudisha. Hakuna daftari la kuandika jina. Wazee walitaka daftari na mimi nikakataa, kwa sababu mwana haandikishwi akichukua nguo nyumbani kwa baba yake.

Baraza la wazee litakaa baada ya Pentekoste, na dredi zimo kwenye ajenda. Pendekezo lililopo ni kwamba kijana mwenye nywele za kusokotwa asisome neno wala asiimbe mbele mpaka anyoe. Nimeomba nipewe nafasi ya kuzungumza, na nimeandika pendekezo langu kwenye karatasi nililete: kwamba wasimamizi wa mlangoni wamuulize kila kijana anayeingia kwa mara ya kwanza jina lake, anakokaa, na kama amekula, na kwamba kwa mwaka mzima pasiwe na mtu wa kumsemesha juu ya nywele ila yule aliyewahi kumtembelea kwake. Nitakwenda na yule wa Ganze, kama atakubali. Ameniuliza avae nini, nami nimemwambia achague mwenyewe.